Miche ya asili kandokando ya ziwa Tanganyika: namna ya kuisaidia ipite kiangazi

Kila mwaka mvua ikianza, watu wanapanda. Shule zinapanda, makanisa yanapanda, vyama vya wamama na vya vijana vinapanda. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili, siku ya mti katika nchi yetu, picha zinapigwa na hotuba zinatolewa. Lakini rudia kwenye fasi ileile mwezi wa tisa wa mwaka unaofuata. Mara nyingi utakuta vijiti vikavu, saseti za plastiki zimetoka juu ya mchanga, na mbuzi wanapumzika katikati.

Si kwamba watu hawakupanda. Miche ilishindwa kupita kiangazi chake cha kwanza. Mche wa asili ukipita hicho kiangazi kimoja, mara nyingi utajitafutia wenyewe. Usipopita, kazi, mbegu na jasho la wale waliobeba maji vimepotea.

Kwetu jambo hili si la mapambo. Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira, watu wakafa na maelfu ya nyumba yakaharibika. Tangu mwaka ule, maji ya ziwa Tanganyika nayo yalipanda na kuingia katika mitaa ya Uvira na Kalemie. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, katika teritware ya Kalehe, maporomoko yalifunika Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Miti peke yake haizuii mafuriko yote, na anayesema hivyo anadanganya. Lakini ukingo wa mto wenye mizizi unabomoka polepole kuliko ukingo mtupu, na mchanga wa ziwa wenye majani hauondoki na kila wimbi.

Makala hii inaeleza kazi ya kulinda mimea ya asili wakati ya jua kali, zaidi kwenye mchanga wa kandokando ya ziwa kutoka uwanda wa Ruzizi mpaka Fizi na Kalemie, na kwenye vilima vinavyoutazama.

Kiangazi kinaua namna gani

Kiangazi, ao kipwa vile wengi wanasema, kwetu Uvira kinaanza mwezi wa tano ukielekea mwisho na kinaendelea mpaka mwezi wa tisa. Kwa muda huo mambo matatu yanakutana.

La kwanza ni mchanga. Mchanga haushiki maji kama udongo mweusi wa milimani. Mvua ikinyesha, maji yanapita haraka na kwenda chini. Juu, mchanga unakauka kwa siku chache na saa ya mchana unawaka mpaka mtoto hawezi kukanyaga peku. Lakini chimba mkono mmoja ao miwili chini: mara nyingi utakuta ubaridi na unyevu. Mche wenye mizizi iliyofika kule unaishi. Wenye mizizi mifupi unakauka juu ya maji ambayo haukuyafikia.

La pili ni upepo. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa upepo mkali unapuliza juu ya ziwa kutoka kusini. Wavuvi wanaujua vizuri. Upepo huo unakausha majani, unarusha punje za mchanga zinazokwaruza ganda la miche michanga, tena unaweza kufukua mizizi upande mmoja na kuzika mche upande mwingine.

La tatu ni njaa ya mifugo. Majani yakiisha porini, kitu chochote kibichi kinaonekana kutoka mbali. Mche wako uliomwagiliwa ndio chakula kitamu kuliko vyote katika mtaa.

Chagua mimea inayojua hii fasi

Mkaratusi na grevilea zimetoka Australia. Zinakua haraka na zina faida kwa mbao na makala, lakini si zenyewe zinazorudisha pwani ya ziwa kuwa vile ilivyokuwa. Hata akasia nyororo isiyo na miiba, inayopandwa sana kwa makala, imetoka kulekule. Akasia yetu ya uwanda wa Ruzizi iko na miiba, na imezoea jua.

Kwa maji kabisa, matete ndiyo ya kwanza. Yanavunja nguvu ya mawimbi, na samaki wadogo wanakulia ndani yake. Nyuma ya matete, kwenye mchanga mtupu, anza na majani ya kutambaa kama ukoka. Yanashona mchanga kwa mizizi mingi, na kipande kikifunikwa na mchanga kinatoa mizizi mipya. Kwenye mitaro na kingo za mito, bingobingo linashika udongo haraka na linakatwa kwa mifugo.

Kwa miti, mikuyu na mivumu inafaa karibu na mito. Akasia za asili na mikoche zinafaa kwenye uwanda mkavu. Erithrina ya maua mekundu na markamia, ile wasemaji wa Kinyarwanda wanaiita umusave, zinafaa kwenye vilima. Kuna pia Faidherbia albida, mti wa ajabu: unabaki na majani wakati wa jua na kuyaangusha wakati wa mvua, juu ya mzizi wake unaokwenda chini sana. Kule juu zaidi, kwenye baridi, ndiyo fasi ya Hagenia na Prunus africana. Usizishushe kwenye mchanga wa ziwa. Zitakufa hata ukizimwagilia kila siku.

Kabla ya kununua mche hata mmoja, tembea fasi yako na uangalie chini. Visiki vya miti iliyokatwa mara nyingi viko hai, na vinatoa machipukizi kila mwaka ambayo mbuzi wanakula. Kisiki kama hicho kiko na mizizi ya mtu mzima tayari. Chagua machipukizi mawili ao matatu yaliyonyooka, kata mengine, zungushia miiba. Hayo yatapita kiangazi bila tone la maji yako, na hakuna mti wa bei ndogo kuliko huo.

Kazi inaanza kwenye pepinyeri

Mche unaokufa mwezi wa saba mara nyingi uliharibika tangu pepinyeri. Watu wanapenda mche mrefu wenye majani mengi. Ni kosa. Majani mengi yanakunywa maji mengi, na mizizi kidogo ndani ya saseti haiwezi kuyalisha. Tafuta mche mfupi, wenye shina nene na mizizi mingi.

Chukua mbegu kwenye miti mingi tofauti, si mti mmoja ulio karibu na njia. Mbegu ngumu za akasia na Faidherbia zimwagie maji ya moto yaliyoondolewa kwenye jiko, kisha uziache zilale humo mpaka kesho yake. Mbegu za Prunus hazipendi kukaushwa. Zipande zikiwa mbichi. Mikuyu, mivumu na erithrina zinaweza kupandwa kwa vipande vya matawi. Tawi la unene wa mkono na urefu wa mtu linatoka juu ya mdomo wa mbuzi tangu siku ya kwanza.

Mizizi ikianza kutoka chini ya saseti, inua saseti na uikate. Ukiacha, itaingia ardhini, na siku ya kuhamisha utaivunja yote pamoja. Majuma manne mpaka sita kabla ya kupanda, punguza maji kidogo kidogo na uondoe kivuli. Mche ujifunze jua ukiwa bado nyumbani.

Panda mapema, ao ungoje mwaka ujao

Hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote. Panda wakati mvua imeshika, udongo umelowana mpaka urefu wa kiganja na mkono, si baada ya mvua moja ya kudanganya. Kwa Uvira, Fizi na Kalemie ni mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na mwisho ni mwezi wa kumi na mbili. Mche wa mwezi wa kumi na moja uko na miezi sita ya kupeleka mizizi chini. Wa mwezi wa nne uko na mwezi mmoja tu. Kama miche imefika kwa kuchelewa, hata kama ni ya bure, iache kwenye pepinyeri mpaka mvua inayofuata.

Matete ni tofauti. Maji ya ziwa yanapanda wakati wa mvua mpaka karibu na mwezi wa tano, kisha yanashuka mpaka mwezi wa kumi ao wa kumi na moja. Kwa hiyo ukingoni mwa maji, kiangazi ndicho wakati wa kupanda: maji yakirudi nyuma, panda vipande vya mizizi ya matete kwenye tope lililobaki, fasi yenye mawimbi kidogo, ili yashike kabla ziwa halijarudi.

Kalenda haiko moja kwa majimbo yote. Kwenye milima ya Kabare, Walungu na Kalehe mvua inaanza mapema, mwezi wa tisa. Ituri, upande wa kaskazini ya Ikweta, jua refu ni kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa pili. Kwao kupanda mwezi wa kumi na moja ni kupeleka miche kifoni. Wao wapande mvua ikirudi mwezi wa nne, ao wakati wa mvua ya mwezi wa nane na wa tisa.

Shimo, saseti na nusu mwezi

Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, na 40 kwenda chini. Tenga udongo wa juu, uchanganye na mboleo iliyooza vizuri, uurudishe chini karibu na mizizi. Mboleo mbichi inachoma. Kwenye mchanga, mboleo hii ndiyo sponji yako: inashika maji ambayo mchanga ungeyaachia.

Ondoa saseti yote. Tunaandika hivi juu ya ni jambo linaloonekana kila mwaka: mche umezikwa pamoja na plastiki yake, na mizizi inazunguka ndani kama mfungwa. Ukikuta mizizi imejikunja chini, ikate kwa wembe safi. Kwenye mchanga, panda mche chini kidogo kuliko usawa wa ardhi, ubaki ndani ya sahani. Shindilia kwa mkono ili hewa isibaki, maana hewa inakausha mizizi.

Kwenye mteremko, tengeneza kikingo cha udongo cha nusu mwezi upande wa chini wa mche, mdomo wake ukitazama juu ya kilima. Maji ya mvua yanayoteremka yanasimama pale na kuingia ardhini.

Kisha funika. Majani makavu, maganda ya maharagwe, majani ya ndizi, chochote kilichokauka, unene wa kiganja, kuzunguka mche kwa nusu mita. Acha nafasi ya vidole vinne karibu na shina ili lisioze na mchwa wasipate daraja. Tena ng'oa majani mabichi yote kwa mita moja kuzunguka. Yanakunywa maji ya mche bila kupiga kelele.

Fanya hesabu ya bidoni

Watu wengi wanamwagilia kila jioni, kikombe kimoja kila mche. Wanachoka, na miche inakufa. Maji kidogo ya kila siku yanalowesha juu tu, na mizizi inapanda juu kuyafuata, pale pale panapowaka jua. Afazali maji mengi mara moja kwa juma: litre tano kila mche, polepole, mpaka yashuke.

Sasa piga hesabu kabla ya kupanda. Bidoni ya litre 20 inatosha miche minne. Miche 100 inataka litre 500, ndiyo bidoni 25 kila juma. Kuanzia mwezi wa sita mpaka katikati ya mwezi wa tisa ni karibu majuma 15, kwa hiyo bidoni 375. Nani atazibeba? Mara nyingi ni wamama na watoto, ambao tayari wanabeba maji ya nyumbani. Kama kikundi chenu kinaweza kubeba bidoni kumi kwa juma, pandeni miche 40, si 400. Miche 40 iliyo hai inashinda 400 ya kwenye ripoti.

Njia za kusaidia kichwa cha mbebaji ziko. Chupa ya plastiki yenye tundu dogo la sindano, izikwe karibu na mizizi mdomo ukiwa juu, inatoa maji polepole. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uzikwe kati ya miche na kufunikwa, unatoa jasho lake ardhini kwa siku kadhaa. Maji ya kunawa na kufulia yasiyo na sabuni nyingi yanafaa.

Maji ya ziwa yanafaa kwa miche hata kama hayafai kunywa. Lakini Uvira na Kalemie ni fasi za kolera, kwa hiyo bidoni ya miche isichanganywe na ile ya kunywa, na mikono inawiwe kwa sabuni. Tena usiende kuchota alfajiri giza ao usiku. Viboko na mamba hawajahama.

Ukipanda mapema na kufunika vizuri, miche mingi itahitaji maji mwaka wa kwanza tu. Mwezi wa mwisho wa jua, panua nafasi kati ya siku za maji ili mizizi itafute yenyewe.

Kuvunja upepo, kuleta kivuli

Upande wetu wa ziwa, pwani inakwenda kaskazini na kusini, na upepo unatoka kusini. Maana yake unapita kandokando ya pwani. Kwa hiyo ukuta wa upepo usipangwe sambamba na maji. Upangwe ukitoka majini kuelekea milimani, ukate upepo njia.

Tumia matete makavu ao makuti, urefu wa nusu mita mpaka mita moja, na uache nafasi kati yake. Ukuta uliozibwa kabisa unafanya upepo uruke na kuchimba nyuma. Ukuta wenye matundu unapunguza mwendo, na mchanga unaanguka hapo. Ukuta wa mita moja unalinda karibu mita nane mpaka kumi nyuma yake.

Kwa kivuli, kumbuka kwamba mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini. Tawi kavu ao kipande cha makuti kiwekwe upande huo. Uvira milima ya Mitumba inaficha jua la jioni, kwa hiyo upande wa pili wa kukinga ni mashariki, si magharibi.

Mbuzi, moto na mchwa

Zungushia kila mche miiba ya akasia, ao panda kikundi kidogo pamoja na kukizungushia ua moja. Lakini ua bila mazungumzo haudumu. Wachungaji nao wako na kiangazi chao, na mifugo yao inataka njia ya kwenda kwenye maji. Kaeni nao kabla ya mwezi wa tano, mbele ya shefu, muonyeshane njia itakayobaki wazi. Ukipanda juu ya njia ya ng'ombe, umepanda ugomvi.

Moto wa porini unakuja mwezi wa saba na wa nane. Kabla ya hapo, safisha njia ya moto ya upana wa mita tano mpaka kumi kuzunguka shamba, ibaki udongo mtupu. Kama mnafunika miche kwa majani makavu, njia hii si ya hiari.

Tena swali la ardhi. Kwetu, anayepanda mti anaonekana kama anadai udongo. Mkodi wa shamba akipanda bila kuuliza, mwenye shamba anaweza kung'oa yote kwa usiku mmoja. Ongeeni na mwenye fasi, shefu wa kartie na watu wa mazingira, na muandike karatasi: ardhi ni ya nani, miti ni ya nani, nani anaruhusiwa kukata na lini.

Kusoma mche unaoonekana umekufa

Mwezi wa nane using'oe mche juu ya hauna majani. Miti mingi ya asili inaangusha majani yake ili isipoteze maji. Kwaruza ganda kidogo kwa ukucha. Ukikuta kijani na unyevu, uko hai. Ukikuta kahawia, kwaruza tena chini karibu na ardhi. Mingi inakauka juu na kuchipuka kutoka kwenye mzizi mvua ikirudi. Ngoja mpaka mwezi wa kumi na moja kabla ya kuuhukumu.

Ile iliyokufa kweli, iulize imekufa na nini. Imekauka kuanzia kwenye ncha, lakini iko nzima: maji yalikosekana ao ilipandwa kwa kuchelewa. Imetafunwa ganda kwenye shingo, na iko na udongo uliojengwa juu ya shina: mchwa. Imekatwa na kuchanika juu: mbuzi. Imeng'oka kirahisi na mizizi yake iko ya mviringo: saseti. Andika hesabu kwenye daftari: iliyopandwa ni ngapi, iliyo hai ni ngapi, iliyobaki imekufa na nini. Hesabu hii ndiyo inaonyesha kitu cha kurekebisha mwaka unaofuata, na mfazili akija ndiyo ya kumuonyesha, kuliko picha ya siku ya kupanda.

Kwa kifupi

Mwezi wa tano na wa sita: weka mbegu kwenye pepinyeri, ongea na wachungaji, safisha njia ya moto. Mwezi wa sita mpaka wa tisa: maji mara moja kwa juma, matete kwenye tope la ziwa. Mwezi wa tisa: zoeza miche jua, chimba mashimo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja: panda, funika, zungushia, na uhesabu ile ya mwaka jana. Mwezi wa kwanza mpaka wa nne: palilia, ongeza majani ya kufunika.

Siku ya kupanda ni moja. Siku za kulinda ni karibu 120. Kikundi kinachotaka kujua kama kiko tayari kijiulize swali moja: mwezi wa saba, saa ya jua kali, nani kati yetu ataenda kuangalia miche? Kama jina la mtu halipatikani, anzeni na visiki na miche kumi.